Kushoto kwa Kitasa

Jumapili, 2 Machi

Nyigu 2, wageni 2. Mtu aliyekaa miezi mitano bila mpira wa magongo hachagui matokeo. Nimerudi nyumbani koo limekauka na nina furaha kama mjinga.

Naanza daftari jipya, la zamani limejaa, basi nijieleze, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Daftari langu la kwanza ni la alama, na hilo kila mtu analijua. Kila Jumanne asubuhi, kabla sijafungua duka la miwani, napita uwanjani kwa hawa wanawake wetu wa timu ya Nyigu na kubandika karatasi kwenye ubao wa matangazo karibu na bomba. Kila mchezaji na alama yake kati ya kumi, na maneno mawili matatu ya sababu. Nimefanya hivyo misimu kumi na miwili. Hakuna aliyenituma. Mwaka wa kwanza walicheka, mwaka wa pili walikasirika, mwaka wa tatu wakaanza kuja mapema siku ya mazoezi ili wasome. Sasa wananiita Bwana Alama, na Kocha mwenyewe husoma akijifanya anafungua bomba. Tisa nimetoa mara nne. Kumi sijawahi kumpa mtu.

Daftari hili la pili ni la yale yasiyobandikika. La leo ni hili: kipa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu ninayeishi naye nyumba moja. Wanamwita Kitasa kwa sababu akifunga, amefunga. Na mimi, ili watu wasiseme nambeba, kila wiki humkata alama moja. Akistahili saba nampa sita. Yeye hajui. Au anajua na hajasema.

Leo alistahili saba. Mwezi uliopita mpira ulimpata juu ya shavu la kushoto mazoezini, amevua helmeti ili anywe maji. Jicho lilivimba siku nne, likanywea. Amerudi mzima.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika. Cherehani, mshambuliaji wetu mfupi mwenye miguu isiyotulia, nimempa nane. Alinipigia saluti kutoka upande wa pili wa uwanja.

Jumapili, 9 Machi

Tumeshinda 1–0. Kitasa saba, yaani sita. Kapteni tano.

Kapteni ni beki wa kati, mwalimu wa shule ya msingi, na wote humwita Mwalimu. Ana kichwa kizuri cha mchezo, lakini kelele! Leo kapiga makelele dakika sitini kama yuko darasa la kwanza na watoto wanapanda madawati. "Kushoto! Kushoto yako! Anakuja kushoto!" Nimeandika kwenye karatasi: "Apunguze domo, aongeze miguu."

Jumapili, 16 Machi

Tumefungwa 3–1. Mabao mawili yameingia chini kabisa, mkono wa kushoto wa kipa, na kila moja likagonga ubao wa goli kwa ule mlio wa ko! unaoniumiza jino. Ya aina hiyo Kitasa huyapiga teke hata akiwa usingizini. Nimempa nne.

Chakula cha jioni, Dada kaniuliza, "Umempa ngapi mwanangu?"

"Subiri Jumanne kama wenzako," nikamwambia.

Kitasa alikuwa ameinamia birika. Alimimina chai nje ya kikombe, ikatambaa mpaka kwenye mkono wangu. Kununa gani huko mpaka mtu anamwagia wenzake chai?

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Wateja wawili tu, wote wamekalia miwani yao.

Jumapili, 23 Machi

Mechi imechezwa kwenye tope. Sare 1–1. Bao lao limetoka kushoto. Mpira ulidunda kwenye dimbwi, kwa hiyo leo mchawi ni mvua. Kitasa tano. Mwalimu nne, kwa kelele.

Alhamisi, 27 Machi

Kitasa ameungua mkono wa kushoto kazini. Anapiga pasi kwenye kiwanda cha kushona sare. Miaka sita anashika pasi ile na hajawahi kujiunguza. Nimemwambia akili yake haipo, si uwanjani wala kazini. Akasema, "Ni kweli, Mjomba." Dada akanitazama jicho lile la utotoni, la "utanikoma".

Jumapili, 30 Machi

4–0. Manne! Matatu kushoto. Lile la mwisho lilikuja polepole, mtoto wa chekechea angelizuia kwa ndala, na Kitasa kasimama anatazama mbele kama anasubiri basi. Jukwaani mtu kaniuliza kwa sauti, ili wote wasikie, "Bwana Alama, leo mpwa wako ana utani gani na wageni?" Watu wakacheka. Uso ukaniwaka.

Jumamosi, 5 Aprili

Niandike vizuri, maana hii ni kazi yangu na naijua.

Nimekaa wiki nzima nawaza: kushoto, kushoto, kushoto. Mtu wa miwani hawezi kuona jambo hilo akalala. Leo asubuhi nikamwambia Kitasa anipitie dukani. Alikuja, akajigonga bega kwenye mlango akiingia, akacheka peke yake.

"Kaa pale," nikamwambia. "Nakupima macho."

"Mjomba, bwana, acha hizo. Macho yangu mazima."

"Nimekuuliza?"

Akakaa kwenye kile kiti. Kiti chake, naweza kusema. Mama yake alipokuwa akifanya kazi za zamu, mtoto huyu alishinda dukani kwangu tangu ana miaka minne, na herufi alijifunza kwenye ubao ule ule wa kupimia, juu mpaka chini, mimi nikisaga lenzi na yeye akiimba. Nikaziba jicho la kulia kwa kadi. Nikachukua fomu nikainama kuandika.

"Soma."

Akasoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano, bila kukwama, mpaka wa nane ambao hata vijana wa miaka ishirini hukwama nao. Sauti imenyooka. Mimi nafuatisha kwa midomo huku naandika. Jicho la kulia hivyo hivyo.

Nilipumua, nikiri. Nilikuwa nimeogopa kitu. Halafu hofu ilipotoka, hasira ikaingia ikakaa pale pale.

"Macho mazima," nikamwambia. "Basi ni uvivu."

Akainuka, akakunja kadi mkononi. "Ndiyo, Mjomba. Ni uvivu."

Jumapili, 6 Aprili

2–1, tumefungwa. Kushoto tena. Tatu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimebandika, na safari hii nimeandika mstari mzima: "Kipa 3. Macho yake nimeyapima mwenyewe na ni mazima. Tatizo ni uzembe." Nilitaka kuonyesha kwamba damu yangu haina upendeleo. Cherehani alisoma, akanitazama, akaondoka bila saluti.

Jumapili, 13 Aprili

Kuna watu sasa wanaimba "Mzembe! Mzembe!" kila mpira ukienda kushoto. Neno langu, kwa sauti zao. Tumefungwa 2–0. Mwalimu amepasuka koo kwa kumwelekeza. Nilimpa tatu, nikaandika: "Kapteni si kipaza sauti."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Dada haongei nami asubuhi. Mchana pia.

Jumapili, 20 Aprili

Kocha amemweka benchi. Langoni amesimama kipa wa akiba, msichana wa chuo, mrefu, mwoga wa mpira lakini anauona. Sare 2–2. Kitasa alikaa mwisho wa benchi, kule kushoto kabisa, ili wote wawe upande wake wa kulia. Nimegundua hilo tu kwa sababu sikuwa na la kutazama wakati wa mapumziko.

Jumapili, 27 Aprili

Tumeshinda 1–0. Watu wananipongeza mimi, ati nilisema ukweli ukasaidia timu. Nimepokea mikono. Nimefurahi, na furaha yenyewe ina mchanga ndani.

Jumatano, 30 Aprili

Leo nimemkuta Kitasa ameketi kitandani, ameziba jicho la kulia kwa kiganja, anatazama dirisha.

"Unafanya nini?"

"Nina usingizi, Mjomba."

Saa kumi na moja jioni!

Jumapili, 4 Mei

1–1.

Jumapili, 11 Mei

Tumefungwa 2–0, na si hilo tu: kipa wa akiba amevunjika kidole. Nane kwa ushujaa, maana alimaliza mechi. Kocha amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kichwa mikononi. Timu mbili za mwisho zinashuka daraja, sisi ni wa tatu kutoka chini, na kipa aliyebaki ni Kitasa.

Jumapili, 18 Mei

Nimeshangaa. 0–0! Nimetazama vizuri leo. Mwalimu hakucheza katikati hata kidogo. Alisimama dakika zote sitini kushoto kwa Kitasa, bega kwa bega, kama mlinzi wa mlango, na upande ule hakupita mtu. Lakini katikati kulikuwa wazi, tumeponea chupuchupu. Nikaandika: "Mwalimu 4. Ameiacha nafasi yake." Kitasa sita. Safari hii sikumkata kitu, sijui kwa nini.

Jumapili, 25 Mei

Tumefungwa 1–0 kwa kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu na goli. Hesabu ni rahisi: Jumapili ijayo, mechi ya mwisho, tukipata sare tunabaki. Tukifungwa tunashuka, na Nyigu hawajawahi kushuka tangu nianze kuwapa alama.

Ijumaa, 30 Mei

Haya sitaki kuyaandika. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi kaja dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye kicheko, anataka miwani ya kusomea. Nikamweka kwenye kiti, nikaziba jicho moja. Anaona huyo! Kashuka mpaka mstari wa nane. "D, E, F... halafu hapo pana doa," akasema.

Doa lile ni la miaka mingi. Bati lilivuja, maji yakashuka ukutani, yakala herufi moja ya mstari wa nane. Kila mteja anayefika pale hukwama. Nami, kama kasuku, humwambia, "Ruka hiyo, endelea." Leo pia nikasema, "Ruka hiyo. Hapo ni R, lakini haionekani tena."

Nikajisikia nikisema. Haionekani tena.

Kalamu ikanidondoka. Nilikuwa nasikia sauti ya Kitasa ile Jumamosi ya Aprili: D, E, F, R, O, T. Bila kukwama. Hakusema doa. Watu wote waliokaa kwenye kiti kile miaka hii yote wamesema doa, ila mmoja, kwa sababu mmoja huyo hakuwa akisoma. Alikuwa akiimba wimbo wake wa utotoni, wimbo niliomfundisha mimi, na mimi nimeinama naufuatisha kwa midomo. Mpima macho sikuinua macho.

"Fundi, vipi, unaumwa?" dereva akauliza.

Nikamwambia arudi Jumatatu. Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijafanya tangu msiba wa mke wangu, nikaenda kusimama kwenye lango la kiwanda cha sare mpaka kengele ya chakula ilipolia.

Alitoka na wenzake. Nilisimama kushoto kwake makusudi, hatua tatu. Akanipita.

"Kitasa."

Akageuza kichwa chote, kama ndege. "Mjomba! Shikamoo. Kwani vipi, Mama yuko salama?"

"Mama mzima. Twende dukani."

Hakuuliza. Njia nzima hakuuliza. Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikageuza nyuma, nikaandika herufi kubwa kwa wino mzito, herufi zozote zilizonijia, nikaining'iniza juu ya ubao. Nikamziba jicho la kulia.

"Soma."

Kimya.

"Soma ile kubwa ya juu tu, mwanangu."

"Umebadilisha," akasema.

"Nimebadilisha."

Mabega yakamwanguka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu ule mpira wa Februari alikuwa akiona vimulimuli, kisha vijidudu vyeusi vinavyoogelea, kisha pazia likaanza kuvutwa kutoka kushoto, kila wiki kidogo. Siku nilipompima, pazia lilishafika katikati. Ubao wangu aliuona kama ukuta uliopakwa majivu.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi! Kazi yangu ni nini?"

"Mzembe anawekwa benchi wiki mbili tatu, Mjomba, halafu anarudi. Kipa asiyeona harudi. Uliposema uvivu, nikaona umenipa mlango wa kutokea. Nikapita."

"Mama yako anajua?"

"Hapana. Mwalimu peke yake. Nilimwomba awe ananiitia kushoto."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya duka langu. Tangu Machi mwanamke yule amekuwa jicho la mtoto wangu, amepasuka koo, ameacha nafasi yake amsimamie, na kila Jumanne mimi nimemkata alama kwa kelele. Na hakuwahi hata siku moja kunifuata kunitukana.

Kliniki ya macho haina daktari mpaka Jumatatu. Kitasa alijua hilo kabla yangu.

"Jumapili tu," akasema. "Niache nicheze Jumapili. Mwalimu atakuwa pembeni yangu. Tupate sare, halafu nipeleke popote unapotaka. Mjomba, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Kweli hajawahi. Na nitaandika hapa jambo ambalo silipendi: nilifikiria. Nilipiga hesabu. Mwalimu kushoto, mabeki wawili kati, sare. Niliwaza Nyigu wasishuke, karatasi yangu ya mwisho ikabandikwa kwenye ubao wa daraja la kwanza. Nilifikiria hivyo kwa muda wa kutosha kuona aibu.

Mimi si daktari, lakini najua hili: jicho linaloachia kwa ndani halitaki kurushwa wala kupigwa. Kipa anaanguka mara arobaini kwa mechi. Mpira mmoja kwenye helmeti, na kile kidogo kilichobaki kinaweza kwenda.

"Hapana," nikamwambia.

Akasimama, akachomoa kadi mkononi mwangu, akaiweka mezani taratibu. "Basi naomba usinipe alama tena maisha yangu yote," akasema, akaondoka. Alijigonga bega kwenye mlango.

Jumamosi, 31 Mei

Nimemwambia Dada kwanza, jikoni. Alikuwa akichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, sinia mapajani.

"Mtoto alikwambia ni mvivu," akasema, "na wewe ukafurahi."

Akaendelea kuchambua, lakini alikuwa akitupa mchele na kuacha mawe.

Kisha nikaenda kwa Kocha. Alifoka mpaka majirani wakafungua madirisha. Siku moja kabla! Baada ya kuandika mimi mwenyewe kwamba macho mazima! Karatasi yangu ndiyo iliyomfanya asimpeleke popote, kwani nani atapinga fundi wa miwani? Yote kweli. Nilisimama nikayapokea. Alipochoka akasema, "Nani atakaa langoni sasa? Wewe?"

Mwalimu alikuwa amekaa pale kwenye ngazi anafunga nyuzi gongo lake. "Nitakaa mimi," akasema.

Nilimfuata nje nimwombe radhi. "Mwalimu, zile alama..."

"Bwana Alama," akanikatiza, sauti yake haipo, kakauka kabisa, "nina watoto hamsini na wawili darasani. Nimezoea kusahihishwa na watu wasiosikiliza. Nenda kamwangalie mpwa wako."

Jumapili, 1 Juni

Nyigu 0, wageni 1. Tumeshuka.

Mvua ilikatika asubuhi na jua likatoka kali, uwanja unatoa mvuke. Mwalimu alivaa pedi za Kitasa, zinamzidi, anatembea kama amevaa vitanda miguuni. Watu walicheka dakika tano. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Alizuia kwa miguu, kwa tumbo, mara moja kwa kisigino akiwa ameanguka. Cherehani alirudi nyuma akaokoa mpira uliokuwa unavuka mstari, yeye ambaye misimu mitatu nimemwandikia "hajui kukaba".

Na Kitasa. Nilidhani hatakuja. Alikuja na nguo za kazini, akasimama nyuma ya wavu, nje ya uwanja, vidole vimeshika waya wa uzio. Mwalimu hakuwa na sauti tena, hakuweza kupanga mabeki. Basi Kitasa akawa anamwitia. "Kulia yako! Toka! Kaa! Kushoto, Mwalimu, kushoto, mama, kushoto!" Kwa jicho moja, dakika sitini. Refa alimtazama mara mbili akaamua hamsikii.

Dakika tatu za mwisho, kona fupi. Mpira ulipigwa chini, ukagonga gongo la beki wetu, ukabadilisha njia. Hakuna jicho duniani lingeuona. Ko!

Watu walianza kutoka. Wawili walinisimamisha langoni. Mmoja akasema nimeiua timu kwa kumtoa kipa. Mwenzake akasema niliiua Aprili. Huyu wa pili ndiye mwenye akili.

Jumatatu, 2 Juni

Daktari ni mwanamke kijana, mikono mitulivu. Alimulika ndani ya jicho kwa muda mrefu. Utando wa nyuma ya jicho umebanduka, akasema, kama karatasi ya ukutani iliyoingia unyevu. Anaweza kuubandika tena, lakini sehemu ile ya katikati imekaa bila uhai wiki nyingi. Hataahidi kitu.

"Alianza kulalamika lini?"

"Hakulalamika," Dada akajibu. "Alipimwa Aprili."

"Na nani?"

Dada hakunitaja. Nilishukuru na niliumia kwa pamoja.

"Na mimi," nikasema.

Daktari hakunifokea. Aliandika tu. "Aprili ingesaidia," akasema.

Jumanne, 3 Juni

Nimebandika karatasi ya mwisho wa msimu. Haikuwa na alama. Niliandika:

"Nilisema macho ya kipa ni mazima. Sikuyapima, nilimsikiliza tu akikariri. Si mzembe. Amecheza mechi tisa kwa jicho moja na hakuna aliyejua ila kapteni, ambaye nilimwadhibu kila wiki kwa kumsaidia. Kila alama ya kipa kwa misimu aliyocheza ilikatwa moja na mimi, kwa kuogopa maneno ya watu. Ongezeni."

Nilisimama pale mpaka Kocha akaja "kufungua bomba". Akasoma. Akafungua bomba kweli, akanawa uso, akaondoka.

Alhamisi, 5 Juni

Amefanyiwa upasuaji. Umechukua saa mbili na nusu. Anatakiwa alale kifudifudi siku kumi, uso chini, asiinue kichwa ila kula.

Jumanne, 10 Juni

Dada yuko kazini, mimi ndiye ninayekaa naye. Uso wake umo kwenye shimo la mto wa kulalia, naona kisogo tu. Siku nne hajanisemesha ila "maji" na "asante". Leo mchana, ghafla:

"Mjomba, lile daftari jingine unaloficha chini ya godoro. Nisomee."

"Unalijua?"

"Tangu nina miaka kumi na tano."

Basi nikamsomea. Kuanzia tarehe mbili Machi, neno kwa neno, nikiwa na hamu ya kuruka na bila kuruka. Kukata alama, chai, pasi, bega kwenye mlango, mwisho wa benchi, kiganja kwenye jicho. Nilipofika ile Jumamosi ya Aprili nikataka kulifunga daftari, akasema "Endelea," nikaendelea.

Nilipomaliza nikalirudisha daftari chini ya godoro.

"Uliona kila kitu," akasema kutoka kwenye shimo la mto wake. "Umeandika kila kitu. Chai umeiona, mkono umeuona. Uliona, Mjomba, halafu ukakipa alama."

Nililia. Hakunitazama, hakuweza, na nadhani ndiyo sababu niliweza.

Baadaye mkono wake ukatoka chini ya shuka ukapapasa sakafuni kutafuta glasi. Niliisogeza karibu na vidole vyake. Hakusema asante, akanywa.

Jumapili, 15 Juni

Ameinua kichwa leo. Anaona mwanga kushoto, na kitu kinachotembea. "Ni wewe au pazia la dirisha?" akaniuliza. Nilikuwa mimi.

Jumamosi, 28 Juni

Mwalimu alikuja kumwona. Walikaa chumbani saa mbili, wakicheka kwa sababu nisizozijua. Akitoka akanipa karatasi iliyokunjwa. Wachezaji wamenipa alama: Bwana Alama, 2. Sababu: "Alisimama Jumamosi akasema ukweli kwa Kocha." Nimeibandika dukani, juu ya mashine ya kusagia lenzi.

Jumatano, 16 Julai

Mvua zimekwisha. Nimeung'oa ubao wa zamani ukutani. Nyuma yake rangi bado ni mpya, mraba mweupe.

Jumamosi, 9 Agosti

Daktari amesema hatarudi langoni. Kitasa alilisikia neno hilo akiwa amekaa wima, akauliza kama anaweza kuwafundisha makipa wadogo, akaambiwa anaweza. Kwenye ngazi za hospitali ndipo alipolia, na Dada akamshika, na mimi nikashika mkoba.

Alasiri kaja dukani peke yake. Aliingia bila kujigonga. Ubao mpya upo, herufi hajaziona hata mara moja, nimezifunika kwa kitambaa kila akipita. Akakaa kwenye kiti chake, akachukua kadi mwenyewe, akaziba jicho la kulia.

"Nipime," akasema.

Nilivuta kitambaa. Sikuinama, sikushika kalamu. Nilisimama nikamtazama yeye, jicho lile, jinsi lilivyotafuta, likapita, likarudi.

Alisoma herufi ya juu kabisa. Kisha mbili za mstari wa pili, polepole, moja akaikosea akajisahihisha. Kisha akajaribu wa tatu. Alikunja uso, akasogeza kichwa huku na huku, akashusha pumzi.

"Hapo sioni, Mjomba."

Nimempa kumi.